Hawakuwa wakaidi, nyumba zao hazikuwa na madirisha

Mwalimu mmoja wa Kiswahili, rafiki yangu wa miaka mingi anayefundisha katika shule ndogo ya kibinafsi mtaani Kawangware, alinikabidhi majuzi rundo la insha za wanafunzi wake wa Gredi ya Nane ili nizipitie. Mada aliyowapa ilikuwa nyepesi: waeleze jinsi ugonjwa wa korona ulivyoenea humu nchini na jinsi ulivyokabiliwa. Ugonjwa huo ulipobisha hodi mnamo Machi 2020, hakuna hata mmoja wa watoto hao aliyekuwa ametimiza miaka kumi. Kwa hivyo waliyoyaandika hayakuwa kumbukumbu zao pekee. Yalikuwa pia mafunzo waliyoyapata kutoka kwetu sisi watu wazima, redioni, makanisani, misikitini na darasani.

Insha zenyewe zilipendeza. Methali zilitumiwa mahali pake na hati ilisomeka. Lakini hoja moja ilijirudia kutoka karatasi hadi karatasi, nayo ni kwamba maradhi yalienea kwa sababu wakazi wa mitaa ya mabanda waliyapuuza maagizo ya serikali. Msichana mmoja alifika mbali zaidi. Aliandika kuwa mamake mzazi alikuwa miongoni mwa hao waliokaidi, kwa maana kila asubuhi aliondoka kwenda kutafuta kazi ya kufua nguo Lavington ilhali watu walikuwa wameagizwa wakae nyumbani. Pembeni mwa sentensi hiyo mwalimu alikuwa ametia alama ya vyema kwa wino mwekundu.

Simlaumu mwalimu. Mwaka 2020 mimi mwenyewe ningeitia alama hiyo bila kusita. Lakini leo tunajua mengi kuhusu namna kirusi kile kilivyosafiri kutoka kifua hadi kifua, na katika hayo tunayoyajua, neno ukaidi halielezi mengi. Mtoto anayeamini kuwa mamake alieneza maradhi kwa ukaidi wake amefundishwa jambo lisilo la kweli, tena na watu wanaolipwa ili wamfundishe kweli. Ndiyo sababu naomba nafasi hii niiandike upya insha ile, kwa ajili yake na kwa ajili ya walimu wenzangu watakaoitoa tena mwaka ujao.

Tuanze na jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyelitaja. Korona haikuzaliwa Kibera wala Kawangware. Ilishuka kwa ndege. Mgonjwa wa kwanza, aliyetangazwa tarehe 13 Machi 2020 na Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alikuwa msafiri aliyerejea kutoka Marekani kupitia London. Ulipowadia wakati wa ugonjwa kuteremka kutoka mitaa yenye nyua na bustani hadi mitaa ya mabati, haukuhitaji njia mpya. Ulifuata njia zilezile ambazo kila siku hufuatwa na dereva, bawabu, mpishi, yaya na mfuaji nguo. Kawangware inapakana na Lavington. Kibera inapakana na uwanja wa gofu. Baina ya pande hizo mbili mtu huenda kwa miguu na kufika kabla chungu cha maharagwe hakijatokota.

Bw Kagwe alituonya, kwa maneno yaliyogeuka kuwa kama msemo, kwamba tukiendelea kuishi kwa kawaida ugonjwa huo hautatutendea kwa kawaida. Onyo lilikuwa la haki. Ila ni nani aliyesimama akauliza ni kawaida ya nani iliyokuwa ikizungumziwa? Kawaida ya mtaa wa Kileleshwa ni moja, na kawaida ya Gatwekera, Laini Saba au Silanga ni nyingine. Maagizo yaliyofuata, ya kukaa nyumbani, ya kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, ya kuacha mita moja unusu baina ya mtu na mtu, yalitungwa kwa kumfikiria mtu wa kawaida ya kwanza.

Lichukue neno nyumbani. Chumba cha Kibera, kama ajuavyo kila aliyewahi kukaribishwa ndani yake, ni futi kumi kwa kumi, yaani takriban mita tisa za mraba. Mna kitanda kilichotengwa kwa pazia, makochi, meza, jiko, mitungi ya maji, na watu wanne, watano au zaidi. Kuta ni za fito na udongo, au ni za mabati, na paa ni la bati pia. Kinachokosekana ni dirisha. Likiwapo, ni kijitundu cha ukubwa wa daftari, nacho kinatazama ukuta wa jirani ulio umbali wa mkono mmoja. Mchana mlango huachwa wazi, pazia jepesi likining'inia ili kupisha hewa. Usiku mlango hufungwa kwa komeo kwa hofu ya wezi, na hewa iliyobaki ndani ndiyo hiyohiyo itakayovutwa na mapafu yote hadi alfajiri. Mmoja wao akiwa na kirusi, hata kama hakohoi, wote watakipumua.

(Wageni hupenda kusema kuwa Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu takriban 170,000 tu. Kwa maradhi ya hewa, idadi ya mtaa mzima si kitu. Kinachouliziwa ni watu wangapi wamo chumbani.)

Kwa nini basi hakuna dirisha? Je, fundi wa Kibera hajui kukata mraba kwenye ukuta? La hasha. Jibu limo katika historia ya ardhi. Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 ikiwa makazi ya wanajeshi Wanubi wa jeshi la King's African Rifles. Walipewa ruhusa ya kukaa, hawakupewa hati. Jina lenyewe, Kibra, ni la Kinubi na maana yake ni msitu. Ardhi ilibaki kuwa ya serikali, na Wanubi walingoja hadi mwaka 2017 ndipo wakapewa hati ya jamii ya ekari 288. Sasa mtu anayejenga mahali ambapo tingatinga laweza kufika asubuhi yoyote, kama lilivyofika Julai 2018 ili kupisha barabara, hajengi kwa mawe wala hajisumbui na madirisha. Hujenga kwa udongo, kwa haraka, vyumba vilivyogusana migongo, ili zirudi pesa zake kabla ya kubomolewa.

Kawangware ni kisa tofauti chenye mwisho uleule. Ardhi ya huko ina wenyewe. Mwenye ploti ameizungushia vyumba pande zote, akajaza hata ua, akaweka bomba moja na choo kimoja kwa wapangaji wote, na siku hizi amepandisha ghorofa juu ya ghorofa hata jua halifiki chini. Akiacha nafasi ya hewa baina ya chumba na chumba, amepoteza kodi ya chumba kimoja kila mwezi. Huku hati imekosekana, kule hati ipo, na kote kuwili mpangaji analala bila dirisha.

Nalikalia sana suala hili la dirisha kwa sababu ndilo tulilolisahau, na hatukulisahau peke yetu. Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza bayana kwamba korona haienezwi kwa hewa. Ilisemekana ni matone ya mate yaangukayo upesi chini au juu ya meza. Ndipo tukahimizwa kunawa, kupangusa na kupuliza dawa masokoni, nasi tukaona kwenye picha vijana waliovaa mavazi meupe kama wanaanga wakinyunyizia vibanda vya sukumawiki. Mwezi wa Julai mwaka huohuo wanasayansi 239 walitoa barua ya wazi wakisema kuwa chembe ndogo zaidi huelea ndani ya chumba kilichofungwa kwa muda mrefu, na kwamba kufungua madirisha ni kinga. Hadi Shirika lilipokiri jambo hilo waziwazi katika maelezo yake kwa umma, mwaka 2021 ulikuwa umeingia.

Laiti tungelijua hayo mnamo Machi 2020! Huenda watu wa Kibera wangeambiwa kinyume cha walichoambiwa: kaeni nje, acheni milango wazi, wagonjwa walazwe penye upepo. Maana Kibera, kwa desturi yake, huishi nje. Mama hukaanga samaki barazani, watoto huchezea vichochoroni, vijana huketi kando ya reli, kinyozi humnyoa mteja mlango ukiwa wazi. Chumba ni cha kulala na cha kuwekea vitu. Tulipokuja na amri ya kukaa nyumbani tuliwatoa mahali penye usalama kiasi tukawaingiza mahali penye hatari, kisha tukashangaa maradhi yakienea.

Amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni saa kumi. Kwa mwenye nyumba ya vyumba vitatu na seti ya televisheni, saa kumi ni likizo. Kwa watu watano katika mita tisa za mraba ni muda wa kutosha kabisa wa kuambukizana. Jioni hiyo ya kwanza, kule Likoni, wasafiri waliokuwa wakikimbilia feri kabla ya saa kufika walisongamana kwa maelfu, na polisi wakawarushia vitoa machozi, watu wakakohoa na kulia wakiwa bega kwa bega. Siku tatu baadaye, huko Kiamaiko, upande wa pili wa jiji la Nairobi, mvulana wa miaka 13 aliyekuwa kwenye roshani ya nyumba yao alipigwa risasi akafa wakati polisi walipokuwa wakitekeleza kafyu. Roshani ndiyo iliyokuwa sehemu yenye hewa katika nyumba ile.

Sisemi kuwa kila agizo lilikuwa baya. Lile la matatu, kwa mfano, lilikwenda sambamba na sayansi hata kabla sayansi haijakamilika: gari la abiria 14 libebe wanane. Ni kweli gari lenye abiria wachache na vioo vilivyofunguliwa ni salama zaidi. Lakini nani aliyelipia vile viti sita vitupu? Nauli ilipanda, na mtu wa Kawangware aliyezoea kupanda namba 46 hadi mjini akalazimika kutembea, au kungoja katika foleni ambayo kila jioni ilirefuka kadiri saa ya kafyu ilivyokaribia. Msongamano haukuondoka. Ulihama kutoka ndani ya gari ukaja kituoni, na kwa kuwa kituo kiko nje penye upepo, pengine hiyo ilikuwa heri, ingawa hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Tuje kwenye maji yanayotiririka. Ni kirai kizuri, nacho wanafunzi wote wa rafiki yangu walikiandika. Katika sehemu kubwa ya Kibera kinachotiririka ni mtaro. Maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, kwa shilingi mbili au tano siku za kawaida, na kwa shilingi kumi na zaidi mabomba yanapokauka. Walimu wa hisabati wanaweza kulifanya hili swali la darasani: hata kama kunawa mara moja kungetumia nusu lita tu, watu watano wakinawa mara nane kwa siku wanamaliza mtungi mzima, kabla hawajapika ugali wala kuosha sahani. Na choo ni cha kulipia, au ni cha ploti nzima, na kukifikia ni lazima upange foleni.

Pamoja na hayo, watu walinawa. Hili lapasa kuandikwa kwa herufi nzito. Miezi michache baada ya ugonjwa kuingia, ilikuwa vigumu kupita mbele ya kibanda cha chapati, kinyozi au duka la M-Pesa pasipo kukuta mtungi wenye kijibomba na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye soksi. Shirika la SHOFCO, lililoanzishwa na Kennedy Odede, mwana wa Kibera, lilisambaza vituo vya kunawia na maji yapitayo katika mabomba ya angani ili yasichanganyike na majitaka. Vijana waliunda mitungi ya kukanyaga kwa mguu ili mkono usiguse bomba. Je, wakaidi hufanya hayo?

Kisha kuna uchumi wa kadogo, ambao wasioishi mitaani humo hawaufahamu. Mtu mwenye friji na mshahara wa mwezi huenda sokoni mara moja kwa wiki, akajaza gari, akajifungia. Kibarua hulipwa jioni, akanunua unga nusu kilo, mafuta ya kupikia ya kupimwa kwa kikombe, nyanya mbili na makaa ya kipimo kimoja. Kesho asubuhi anarudi dukani. Hana mahali pa kuweka akiba, na hana akiba ya kuweka. Kwa hivyo yeye hukutana na muuzaji, na na wanunuzi wenzake, mara tatu au nne kila siku ambapo tajiri hukutana nao mara moja kwa juma. Hata barakoa aliinunua moja, akaifua, akaivaa hadi ikachanika, kwani kulikuwa na faini ya hadi shilingi 20,000 kwa asiyeivaa, na fedha hizo kwa watu wengi wa huko zinazidi mapato ya mwezi.

Ndiyo maana mama yule wa insha alienda Lavington. Wanawake wanaofua nguo huondoka mapema wakaketi kando ya barabara wakingoja kuitwa. Walioitwa hula siku hiyo. Mwezi Aprili 2020 wengi hawakuitwa, kwa kuwa waajiri waliogopa kuwa watu wa mabandani wangewaletea ugonjwa, ugonjwa ambao, kama nilivyosema, ulikuwa umetoka upande wa waajiri. Wauzaji wa mitumba wa soko la Toi nao waliona shehena mpya zikipigwa marufuku hadi Agosti. Nyumba iliyokuwa na mapato mawili ikabaki na moja au bila.

Njaa hiyo ilijitokeza hadharani Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 2020. (Siku hiyohiyo ndiyo aliyoaga dunia Ken Walibora, na wengi wetu tunaoishi kwa kalamu ya Kiswahili tunaikumbuka kwa msiba huo tu.) Huko Kibera habari zilienea kuwa kuna chakula kinagawanywa. Watu walifurika, wakasukumana, wakakanyagana. Polisi wakarusha vitoa machozi, na wapo walioanguka na kujeruhiwa. Picha zilizunguka dunia nzima, na maoni niliyoyasikia katika vyombo vya habari na vijiweni yalikuwa yaleyale: hawa watu hawasikii. Nilitamani mtu mmoja tu aulize chakula kile kingegawanywaje nyumba kwa nyumba, au pesa zingetumwaje kwa simu katika nchi inayojigamba kuwa mama wa M-Pesa. Mpango wa kutuma pesa ulikuja kweli, lakini ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2021 ilionyesha kuwa ni sehemu ndogo tu ya familia maskini za Nairobi iliyofikiwa. Kazi Mtaani, iliyowaajiri vijana kufagia na kuzibua mitaro, iliwasaidia waliobahatika kuandikwa.

Kawangware nayo ina Ijumaa yake. Mwanzoni mwa Mei 2020 Wizara ya Afya ilipeleka huko upimaji wa halaiki, kwa kuwa mtaa ulikuwa umetajwa miongoni mwa vitovu vya maambukizi. Waliojitokeza walikuwa wachache kuliko waliotarajiwa. Ukaidi tena? Hebu tuyapime mambo kwa mizani ya mtu wa huko. Aliyepatikana kuwa karibu na mgonjwa alipelekwa karantini kwa siku 14 au zaidi, na hadi wakati huo gharama ya karantini ilikuwa juu yake mwenyewe, gharama ya kila siku iliyoshinda ujira wa kibarua. Asiyekuwa na pesa alizuiliwa zaidi. Kupimwa, kwa hiyo, kulikuwa sawa na kununua tiketi ya bahati nasibu ambayo ushindi wake ni deni. Siku chache baadaye serikali ilitangaza kuwa italipia karantini. Tangazo hilo lingetangulia, huenda foleni ya Kawangware ingekuwa ndefu.

Matokeo ya yote hayo yalikuja kusomwa katika damu. Hadi mwisho wa mwaka 2020 hesabu rasmi ya walioambukizwa katika Kenya nzima ilikuwa haijafika 100,000. Lakini Novemba mwaka huo watafiti walipopima kingamwili katika nyumba za Nairobi, walikuta takriban mtu mmoja kati ya watatu alikuwa amekwisha kuambukizwa. Kwa jiji la watu milioni nne na zaidi, hiyo ni zaidi ya watu milioni moja. Mwishoni mwa mwaka huohuo Kibera ilipopimwa peke yake, walikuwa zaidi ya wanne kati ya kila kumi. Mumbai, India, mwezi Julai 2020, pengo lilikuwa la kutisha zaidi: asilimia 57 katika mitaa ya mabanda iliyopimwa, na asilimia 16 miongoni mwa majirani zao wa nyumba za kawaida. Nairobi pengo ni dogo, na nadhani sababu ni kwamba wakazi wengi wa jiji letu, hata wasioitwa wa mabandani, hulala chumba kimoja.

Mtu ataniuliza: mbona basi hatukuzika watu Kibera kwa malori? Wengi walitarajia hivyo. Jibu kubwa ni umri. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa robo tatu ya Wakenya hawajafika miaka 35, na korona huua zaidi wazee. Wazee wa Kibera wengi wao hurudi mashambani. Tuliokolewa na ujana wetu, na ni hatari kubwa kuudhania ujana huo kuwa ulikuwa ni hodari wa mipango. Kirusi kingine kinachopenda watoto kisingetusamehe katika vyumba vilevile. Wala si lazima tungoje kirusi. Kifua kikuu, ambacho huenea kwa hewa ya ndani vilevile, kingali kinaishi nasi, na Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo. Kifua kikuu hakijui barakoa za msimu.

Kuwatupia lawama wakazi si jambo geni katika jiji hili. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, Soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya daktari wa serikali. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa kuchunguza usafi, alipendekeza jiji ligawanywe kwa rangi za watu, na afya ndiyo iliyotolewa kuwa sababu. Tofauti ya mwaka 2020 ni kwamba hukumu ileile ilitolewa na sisi wenyewe, kwa Kiswahili sanifu.

Shuleni nako yatupasa kujitazama. Tulifunga milango kuanzia tarehe 16 Machi 2020. Madarasa machache yakarudi Oktoba 12, na waliobaki wakarudi Januari 4, 2021. Katika miezi hiyo masomo yalitangazwa redioni na katika televisheni. Palipokuwa na televisheni moja kwa vyumba kumi, watoto kumi na watano walijazana katika chumba kimoja kuitazama, au hawakutazama kabisa. Tuliporejea tuliambiwa tuache nafasi baina ya dawati na dawati. Katika shule za umma za Kibera, ambazo zimefurika tangu elimu ya msingi bila malipo ianze mwaka 2003, nafasi hiyo haikuwapo. Waliobahatika walisomea chini ya miti, na watu wakawacheka. Chini ya mti ndipo palipokuwa mahali bora kuliko pote.

Nilimrudishia rafiki yangu insha zake na kumweleza haya niliyoyaandika, tukiwa tumeketi darasani mwake baada ya watoto kwenda. Ni chumba cha mabati chenye madawati ya wanafunzi arobaini na wawili. Upande wa barabara kuna madirisha mawili, yote yamepigiliwa misumari kwa sababu ya kelele na vibaka. Upande wa nyuma hakuna kitu. Mwalimu aliitoa karatasi ya yule msichana, akaitazama kwa muda, akaandika chini yake kwa kalamu ileile nyekundu kwamba wazungumze kesho. Kisha akaniambia kuwa amewahi kumwomba mwenye ploti ruhusa ya kukata madirisha mawili upande wa nyuma, gharama ikiwa juu ya shule. Mwenye ploti hakukataa. Alisema tu kwamba ukuta ule si wake, ni wa jirani, na nyuma yake kuna familia imelala.